Mgeni wa Kwanza Humenya Vitunguu

Naandika haya vidole vikinuka vitunguu, na ndimu imeshindwa kuvisaidia.

Nilialikwa walima Kibokoni, saa saba mchana. Saa saba kamili nikawa mlangoni, kofia ya vito kichwani, kanzu imepigwa pasi hata ingeweza kusimama peke yake. Mwenye shughuli akatoka na kikoi na fulana, mswaki mdomoni, akanitazama kama mtu aliyeletewa deni la marehemu baba yake.

"Wewe washafika? Kwema?"

"Ni saa saba, ami."

Akalitazama jua, saa yangu hakuijali, kisha akapaza sauti uani: "Ongezeni kisu! Kumekuja mtu!"

Nikaketishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanzu nimeikunja hadi magotini, mbele ya gunia la vitunguu. Watoto wakaja kunitazama. Mmoja akauliza kama mpishi mpya analia kwa sababu hajalipwa.

Na kitunguu cha biriani si kitunguu cha mchuzi. Hukatwa chembamba, tena vipande vyote unene mmoja, kwa kuwa kinene kikiwa bado cheupe, chembamba kimeshaungua, na uchungu wa kilichoungua huenea sufuria nzima. Hutandazwa kwanza kipunguze maji. Kisha mafuta tele, moto wa wastani, kidogo kidogo, maana ukijaza karai kitachemka badala ya kukaangika. Siri yenyewe iko katika kuepua: hutolewa kabla hakijafika rangi unayoitaka, kwani hata nje ya mafuta huendelea kuiva kwa moto wake chenyewe. Kikipoa hukauka, ukikifinya huvunjika. Ndicho kinachoipa masala ya biriani rangi na utamu, pamoja na mtindi, nyanya, na papai bichi la kulainisha nyama. Wali nao huchemshwa mbali na kuchujwa ungali na kiini kigumu, umalizikie kwenye mvuke na zafarani yake. Sijaona ofisi yenye masharti makali kama haya. Na aliyekuwa akiyasimamia ni mpishi mkuu, aliyefika nyuma yangu sana bila kuombwa hata udhuru. Alikiinua kila kipande changu juani, akakikagua, akanirudishia nilivyovikata vinene.

Baada ya Alasiri wageni wakaanza kuingia, wananukia udi. Tuliposogea kwenye sinia, aliyeketi ubavuni kwangu alivuta pumzi, akahamia sinia la pili.

Visa vingine ni vidogo. Fundi wa kanzu ananiambia "kesho" tangu kabla ya Ramadhani. Barazani nikisimama niende zangu, huulizwa: "Keti, wafukuzwa na nani?"

Ukilalamika utaambiwa huu ni mji wa subira, uliojengwa na watu wa kungoja upepo. Ni kweli walingoja. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi kuanzia Novemba au Desemba, yakarudi kwao kwa kusi, inayoanza kuvuma Aprili. Lakini ziulizeni hesabu za manahodha hao! Aliyechelewa kung'oa nanga hakuambiwa "keti kwanza". Alikwama bandarini msimu mzima na mali yake. Wale walikuwa watu wa saa kunishinda mimi. Tulichorithi kwao ni baraza tu, kalenda tumeitupa baharini.

Na msinidanganye kwamba ni tabia isiyobadilika. Nani amewahi kuchelewa futari? Adhana ya Maghribi haijamaliza neno la kwanza, tende zimeshapita koo. Watu wanajua sana kuwahi. Wanachagua wa kumchelewea. Humchelewea yule asiyeondoka, ambaye kwa kuwa alikuja mapema atapewa kisu, na kwa kuwa ana adabu atanyamaza. Starehe ya mjini ina mlipaji wake, na mlipaji huyo huitwa mtu wa presha.

Juzi nilisafiri na ami yule yule kwa treni ya Nairobi. Nikafika stesheni ya Miritini mapema, kama ninavyofika kila mahali. Nikamkuta keshapita ukaguzi, begi lake keshaliweka mapajani, tiketi mkononi, jasho linamtoka.

"Mbona wachelewa hivyo, mwanangu?" akanikaripia mbele ya abiria wote. "Hii treni haimngoji mtu!"