Namna ya Kuuhamishia Mkanda wa Harusi kwenye Diski Bila Kugombanisha Ukoo

Kazi hii haianzii kwa fundi, inaanzia kwa shangazi. Katika nyumba nyingi za Misungwi, mkoani Mwanza, mkanda wa video wa ukoo unakaa kwake, ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya seti ya vikombe vya wageni ambao hawajafika bado. Usiende mikono mitupu, na usianze na habari za diski. Toa shikamoo, uliza mpunga umeendaje mwaka huu, kula unachopakuliwa, halafu ndipo useme umekuja kuutazama mkanda wa harusi ya baba mkubwa. Kuutazama tu. Habari ya kuondoka nao itajadiliwa chai ya pili.

Anajua anacholinda. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka 1994, kwa hiyo kwa wale waliojaliwa kuwa na deki, deki ilitangulia matangazo. Ukiacha filamu za Kihindi na za karate, sura zilizotembea kwenye kioo zilikuwa za bibi harusi, za mpambe wake, na za mzee aliyesimama kutoa nasaha akasahau kukaa. Hakuna nyaraka ya serikali inayomwonyesha bibi yako akicheka. Mkanda ule unamwonyesha.

Ukishakabidhiwa, soma lebo. Kama imeandikwa "Kwimba," usiurudishe kabatini ukidhani ni wa watu wengine: Misungwi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kwimba hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 1995. Kama imeandikwa "Rambo," uchukue pia. Watoto wa miaka ile waliandika lebo kwa matumaini, na nyuma ya Rambo mara nyingi umejificha ubatizo.

Sasa geuza kaseti utazame ubavu wenye lebo. Kwenye kona ya kushoto kuna kipande kidogo cha plastiki chenye upana wa ukucha wa kidole kidogo. Kikiwa bado kipo, deki inakubali kurekodi juu ya mkanda. Kikiwa kimevunjwa, inakataa. Kivunje kwa bisibisi bapa hapo hapo sebuleni, mbele ya mashahidi. Ukikuta tundu lake limefunikwa kwa selotepu, ujue kuna mtu aliwahi kurekodi mpira juu ya harusi. Bandua selotepu na usiulize ni nani, maana ukoo mzima unamjua na ameshasamehewa.

Chungulia dirisha dogo la kaseti kwenye mwanga. Mkanda mzuri ni mweusi na unang'aa. Ukiona vumbi jeupe kwenye kingo za mzunguko, huo ni ukungu, na nyumba zilizo karibu na Ziwa Victoria zinaufahamu vizuri. Mkanda wa namna hiyo usiuingize kwenye deki, kwa sababu deki itaupeleka ukungu kwenye kila kaseti itakayofuata. Uweke kando ndani ya mfuko wake, umpelekee fundi anayejua kufungua skrubu 5 za chini na kusafisha utepe akiwa amevaa barakoa.

Deki itabidi uiazime. Hazitengenezwi tena: Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kuunda deki za VHS, iliacha Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti na picha walitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku, na watunzaji wengi walikuwa wakiutaja mwaka 2025 kama ukingo wa kuweza kuzicheza kwa uhakika. Ukingo huo umefika. Kinachokwamisha si utepe peke yake, ni mashine, vipuri, na mikono inayozijua. Kwa hiyo yule fundi mzee wa redio aliyebakiza deki moja chini ya meza mheshimu kama unavyomheshimu mkunga.

Usafi wa deki ni jambo la subira. Ndani kuna ngoma ndogo ya chuma inayozunguka, na vichwa vya kusomea vimepachikwa ubavuni mwake, vyembamba kuliko unavyodhani. Tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa spiriti safi ya isopropili, siyo ile ya kidonda yenye mafuta, na siyo pamba. Shika kitambaa kikae palepale, kisha zungusha ngoma kwa kidole. Ukisugua juu na chini umevunja kichwa, na kichwa cha kubadilisha hakiuzwi dukani.

Baada ya hapo peleka mkanda mbele mpaka mwisho, urudishe mpaka mwanzo, mara moja. Kaseti ya E-180 ina utepe wa mita 258 hivi, nao umekaa miaka mingi bila kugeuzwa. Ukianza kuucheza papo hapo unaweza kukwama katikati ya nasaha. Waya unao tayari, ule wa vichwa vitatu uliokuja na king'amuzi: wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Upande wa pili ingiza kwenye kinasa video kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kama mkanda ulitumwa na ndugu wa Marekani na picha inaruka bila rangi, haujaharibika. Kule walitumia NTSC, huku tulitumia PAL, na inatakiwa deki inayosoma zote mbili.

Hapa ndipo watu wenye haraka wanaposhindwa. Mkanda wa saa 3 unahamishwa kwa saa 3. Hakuna kitufe cha kuharakisha. Umeme ukikatika dakika ya 170 bila UPS, unaanza upya. Basi usikae peke yako na kompyuta. Waite wazee. Washa TV ya chogo, panga viti, weka simu katikati ya meza ikirekodi sauti, na kila sura inapopita uliza: huyu nani? Mkanda hauna majina. Majina yako kwa bibi, kwa babu, kwa mama mkubwa, na hawa hawana nakala. Ngoma ya bugobogobo ikianza na majembe yakirushwa juu, uliza manju ni nani na wimbo aliutunga kwa ajili ya nani. Nasema kwa moyo wote, sauti itakayobaki kwenye simu siku ile ina thamani sawa na mkanda wenyewe. Na uwe mpole. Kuna familia za mwambao huu ambazo kwenye harusi ya mwaka 1995 yumo mtu aliyepanda MV Bukoba, meli iliyozama Mei 1996. Akitokea kwenye kioo, simamisha, acha watu wanyamaze wanavyotaka, endelea wakikuambia.

Mjomba ataomba sehemu yake ya kucheza ikatwe. Kataa kwa adabu zote. Mkwe atashauri uondoe "yasiyo na maana," yaani msafara ulivyosubiri kivuko Kigongo, jua kali, wauza samaki wakipita madirishani, dereva akilala kwenye usukani huku kamera ya begani imeachwa ikiwaka. Hiyo ndiyo sehemu ya kulinda kuliko keki. Tangu 19 Juni 2025 Daraja la Magufuli la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, linavukwa kwa dakika chache. Mtoto wa leo wa Misungwi hataijua foleni ile isipokuwa mtu alisahau kuzima kamera. Keki zipo kwenye kila harusi.

Diski sasa. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, sawa na saa 2 za picha nzuri, kwa hiyo mkanda mmoja unahitaji diski 2. Fundi atakayekuambia anabana saa zote 3 kwenye diski moja anabana nyuso za watu. Andika juu ya diski kwa kalamu ya wino laini isiyokwaruza, jina, kijiji na mwaka. Iepushe na jua, kwa sababu rangi inayohifadhi picha inafifia, na faili lenyewe libaki pia kwenye diski ngumu. Mkanda wa asili usitupwe: urudishwe mwanzo, usimame wima, ukae pakavu.

Nakala ziwe 3, katika nyumba 3: Misungwi, Mwanza mjini, na kwa yule ndugu wa Dar. Wa Dar mpigie kila Krismasi umuulize kama bado inacheza. Akijibu "ipo," mwambie aiweke mkiwa kwenye simu, uisikie ngoma.