Heko kwa Mabati ya Leparua

Ulaya wanahangaika: wanazika mabomba sakafuni, wanapitisha maji ya nyuzi 35, kisha wanafunga pampu ya joto na kujisifu kwamba uniti 1 ya umeme inazaa 3 au 4 za joto. Waje Leparua. Hapa Isiolo, nyumba ya kisasa ya mabati, bila dari, dirisha la kutosha kichwa cha mbuzi, hutoa joto hilo bila umeme, bomba wala fundi. Saa nane mchana mtambo umeshashika kasi. Manyatta za nyanya zetu, zilizokandikwa udongo na samadi, zilishindwa kabisa kazi hii. Ndani mtu alisinzia tu. Wewe unayejenga, usipoteze pesa kwa dari. Na ule mgunga ulio karibu na ukuta, ukate.