Namba Gani, Tafadhali?

Ijumaa iliyopita ukoo wangu mzima, kuanzia Korogwe hadi Muscat, uliniangalia ndani ya sikio. Mjukuu alipiga simu ya video, nami nikaibana simu sikioni na kuitika kwa adabu zote. Kimya. Kisha vicheko. "Bibi, tunaona hereni tu!" Nikaigeuza, wakaona dari. Nikaigeuza tena, wakamwona babu yao, singlendi imetoboka, anajikuna mgongo kwa mwiko wangu wa ugali.

Kinachoniuma ni kwamba mimi nilikuwa niwe mtu wa simu.

Mwaka 1975, nikiwa na miaka 20, niliitwa na Posta kwenda Dar es Salaam kusomea uopereta. Nyie mnaopapasa vioo hamwijui heshima ya kazi ile. Umevaa hedifoni, mbele yako ubao wa matundu, mkononi waya. Bwana mkubwa wa mkonge akitaka kuongea na Nairobi, lazima apite kwako. Nilishaanza mazoezi: kila jioni nikimfunga mbuzi wa mama, namuuliza kwa sauti laini, "Namba gani, tafadhali?"

Wiki ileile ikaja telegramu kutoka kwa karani mmoja wa shamba la mkonge: MAHARI TAYARI USIENDE DAR. Maneno manne. Telegramu ililipiwa kwa neno, na mwenzangu alishapiga hesabu. Nilipomuuliza baadaye "tafadhali" liko wapi, akanijibu, "Lingezidisha gharama."

Nikabaki. Mnicheke tu, lakini karani yule alikuwa na mwandiko mzuri, na akicheka anafunika mdomo kama bi harusi. Miaka miwili mizima nikipita Posta nageuza uso, nisiwaone wasichana wa simu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la posta na simu likavunjika nayo. Mume wangu akaniambia, "Unaona?" kana kwamba alijua tangu mwanzo. Sikumkumbusha kwamba simu za Tanzania ziliendelea kulia, na zilihitaji wa kuziunganisha.

Majuto ninayo, siyafichi. Ila nimezaa watoto sita, na hakuna anayempigia mwenzake moja kwa moja. Kaka akimnunia dada, anapitia kwangu. Mkwe akitaka kukopa, anapitia kwangu. Hata kosa kubwa la opereta, la kuunganisha laini siyo, nimelifanya. Ramadhani iliyopita nilimrekodia binti yangu sauti kwamba chumvi ya futari ya wifi yake ingetosha kukaushia ng'onda, nikaituma kwenye kundi la familia. Opereta wa Dar angefukuzwa kazi. Mimi niliadhibiwa kwa futari ya siku tatu isiyo na chumvi hata punje, na nikaila yote, nasifia.

Jana jioni niko jikoni, simu ikalia. Ujumbe umetoka sebuleni, hatua kumi tu: "Chai tafadhali."

Nikausoma mara mbili. Neno langu hilo limechukua nusu karne njiani; limesubiri mpaka maneno yaache kulipiwa moja moja.

Nikateleka birika. Lakini kwanza nikavaa miwani, nikamjibu kikazi: "Laini ina shughuli. Subiri."