Sifa za Fyuzi ya Kaure

Wafalme wameshasifiwa vya kutosha, na marais wamesifiwa kupita kiasi. Leo naomba nafasi ya kuisifu fyuzi ya kaure ya ampea 10, mkazi wa Likasi, ambaye hajawahi kupewa nishani wala barabara yenye jina lake.

Uzuri wake nitautaja mbio mbio. Ni nyeupe, haina kelele, haili, na ikiharibika hutengenezwa kwa bisibisi na uzi wa waya. Ukoo wake ni wa kale: ilifungwa kwenye tablo ya ubao nyumbani kwetu mji ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière. Kutoka hapo nyaya zake huingia ukutani ndani ya mabomba ya chuma, mbili mbili, zimevaa mpira na kitambaa. Waya wa tatu wa kwenda ardhini haumo. Inaelekea ardhi ilikuwa na shughuli nyingine.

Sifa yake kuu ni kwamba inajua mwisho wa nguvu zake na haioni haya kuutangaza. Ampea 10 kwa volti 220 ni wati 2,200. Resho ya sahani mbili peke yake yaweza kufika 2,500. Ongeza pasi, na upande uleule kuna konjelateri. Fyuzi huvumilia kidogo, kwa adabu, halafu hukata. Haisemi kwamba suala limefikishwa ngazi za juu. Haiundi tume. Haijapata kuomba muhula wa tatu. Inaelewa jambo ambalo mawaziri wengi hawalielewi: mkondo ukiwa mara mbili, joto la waya huwa mara nne, na bora kiungue kiuzi cha bei ya njugu kuliko nyumba. Basi hujichoma yenyewe. Nimejaribu kumtafuta hapa kwetu mwenye cheo, wa serikali au wa dini, aliyejiuzulu kwa sababu mzigo umemzidi. Bado natafuta. Fyuzi yetu hujiuzulu kila Jumamosi, siku ya kupiga pasi.

Lakini jamani! Saa moja usiku, maji ya bukari ndiyo kwanza yanachemka, Mama Watoto ameshika unga mkononi, na giza hilo! Samaki wanayeyuka, makala yamelowa, mbabula imeazimwa na jirani asiyerudisha kitu. Hapo ukuu wa roho ya kaure hauonekani vizuri.

Ndipo anapoitwa fundi. Zamani mafundi wa hapa walizijua nyaya hizi kama majina ya watoto wao, kwa maana walifundishwa kazini na kampuni ileile iliyozifunga au na Gécamines iliyoirithi. Kisha ikaja mipango ya “kuondoka kwa hiari” ya mwaka 2003 na 2004, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines wakaenda nyumbani, hiari yao ikiwa imesukumwa na miezi mingi bila mshahara. Mzee mmoja wa namna hiyo bado yupo mtaani kwetu. Yeye haanzi na bisibisi. Kwanza hupitisha mgongo wa mkono juu ya tablo kusikiliza joto, kisha anauliza nani aliingia hapa kabla yake.

Kijana tunayempata mzee akiwa mgonjwa amejifunza kwa disjonkta za plastiki. Akifungua tablo hucheka. “Papa, tuweke waya nene, itatulia.” Na katika mji uliojengwa juu ya shaba, waya mnene haukosekani kamwe. Itatulia kweli: fyuzi haitakatika tena, na kitambaa cha mwaka wa babu kitaiva taratibu ndani ya bomba, mahali ambapo hakuna anayeona.

Nisimwonee huyu kijana. Falsafa yake ndiyo inayoendesha umeme wote wa kwetu. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, si mbali na hapa, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mwaka 1982 ukafika waya wa umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ukipita juu ya vijiji vinavyowasha kibatari. Mwaka 2021 mitambo sita ya Mwadingusha, iliyofufuliwa kwa fedha za mradi wa mgodi wa Kamoa-Kakula, ikarudi kwenye gridi, na mgodi ukapewa haki ya kuhudumiwa kwanza. Anayehudumiwa kwanza hana haja ya fyuzi. Kikomo kinateremshwa ngazi kwa ngazi mpaka kimfikie yule mwenye sufuria, na kikimfika kinaitwa delestaji, yaani mgao wa umeme.

Kabine ya umeme ya mtaa wetu ilipoungua, wakaja jamaa wawili wenye kofia ngumu. Tulisogea tukachungulia. Pale palipotakiwa kuwa na fyuzi palikuwa na kipande cha shaba, kinene kama kidole gumba, kimekazwa vizuri sana. Mkubwa wao akatuambia kosa ni letu sisi tunaopikia umeme. Kisha akatoa karatasi, akaanza kuandika mchango wa kila nyumba.