Kilo za Shemeji

Karatasi ya mapishi ya jemu aliyokuja nayo shemeji kutoka Dar es Salaam ilidai kilo 6 za embe zilizomenywa. Kilo! Soko la Tabora mwezi wa Desemba linajua fungu, sado, ndoo na sura ya mnunuzi. Muuzaji alimtazama kwa huruma: "Dada, kilo ni za nyama na sukari. Hizi ni embe."

Tukanunua ndoo ya lita 20, imejazwa lumbesa hata embe ya kileleni ikabidi niishike kwa mkono. Njia nzima shemeji akapiga hesabu. Matunda huacha mianya kati yake, kwa hiyo ndoo ya lita 20 haibebi kilo 20. Toa maganda, toa kokwa, na embe zetu za kienyeji kokwa ndiyo mwenye nyumba, nyama ni mpangaji. Kikombe cha vipande hakifiki gramu 170. Ukiviponda, kikombe kilekile hukaribia gramu 250. Shangazi, aliyepika kwa jicho maisha yake yote, akauliza kama hizo gramu zinaungwa nazi.

Lakini mji huu mizani haukuanza kuiona jana. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipotua hapa, pembe za ndovu zilihesabiwa kwa frasila, kama kilo 16 hivi. Nguo zilipimwa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, mikono minane doti moja, na sidhani kama kuna mnunuzi aliyemtuma mfupi akapokee doti. Embe? Msafiri alikula, akatupa kokwa, akaendelea na mzigo wake.

Chini ya mwembe mmoja wa barabarani alikaa kijana mwenye mizani ya kupima watu uzito. Shemeji akang'aa macho. Ndoo ilipowekwa ikaziba namba, kijana akashauri: dada apande ameishika, kisha apande bila ndoo, tutoe. Hesabu safi, ila ilitaka uzito wa shemeji utangazwe mbele yangu, mbele ya shangazi, na mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda. Akapanda na ndoo: kilo 102. Bila ndoo akagoma.

"Andika mimi sabini."

"Dada, sabini haiwezekani. Embe zitakuwa kilo 32 kwenye ndoo ya lita 20. Labda ziwe za chuma."

Bodaboda mmoja akaanza kutoa kwa vidole. Tukaondoka haraka, baada ya kulipa bei ya watu wawili.

Nyumbani sukari ilikuwa imepanda bei, wakaamua kutumia asali, maana Tabora asali haikosekani. Karatasi ilitaka kilo 3. Dukani inauzwa kwa lita, zikaletwa lita 3. Lita ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Jemu ikakataa kuganda, ikatazamana nasi hadi usiku. Shangazi akaikamulia ndimu, akaongeza maji, akaiita juisi.

Majirani wameipenda, sasa wanainunua. Shangazi anauza kwa lita. Shemeji anang'ang'ania iuzwe kwa kilo, bei ileile, kwa kuwa lita moja ya kitu kizito kama kile inazidi kilo. Hesabu hii ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mizani iko kwa yule kijana, na kila akimwona shemeji anapita humuuliza kama leo atapanda bila ndoo.