Jinsi ya Kuchunguza Utando wa Seli Garissa Bila Kugundua Chochote

Sharti la kwanza: mpuuze ngamia. Soko la mifugo la Garissa liko pua na mdomo, lakini wewe agiza seli nyekundu za damu ya binadamu kutoka ng'ambo, zikwame forodhani Nairobi mpaka barafu iyeyuke. Huo ndio utafiti wenye heshima.

Kitabu kitakwambia utando wa seli ni safu mbili za mafuta, na protini zinaelea humo. Singer na Nicolson walilieleza hilo mwaka 1972. Likariri, ufaulu mtihani, usiulize kwa ngamia mambo yakoje. Ukiuliza utajitia matatani, maana Livne na Kuiper walianza kuuchokonoa utando wa seli nyekundu za ngamia mwaka 1973, na kufikia 1976 Livne na wenzake walikuta protini zake, kwa uzito, ni kama mara tatu ya mafuta. Kwetu binadamu viwili hivyo vinakaribiana. Sasa hapo protini zielee wapi, nazo zimebanana kama abiria wa basi la Mandera?

Na mnyama mwenyewe hana aibu. Anakaa na kiu siku kadhaa, anafika kisimani, anagugumia lita mia moja kwa dakika kumi hivi. Seli zake, zenye umbo la yai, zinaweza kuvimba kupita mara mbili ya ujazo wake bila kupasuka. Zako zingekuwa zimepasuka zamani.

Ukishikilia lazima uipate damu ya ngamia, nenda sokoni bila daktari wa mifugo wala barua ya kibali.

"Damu ya nini, kijana? Hata bei ya ngamia hujauliza!"

Mweleze mzee habari za lipidi, yaani mafuta hayo ya utando, taratibu, jua likiwa utosini. Dalali atahama polepole, akatafute mtu mwenye pesa. Ukibahatika kupata kichupa, usitie dawa ya kuzuia kuganda, kisha kiache kwenye dashibodi ya Probox ukanywe chai.

Maabarani, maelekezo yatasema sampuli ikae katika joto la chumba. Aliyeyaandika alikuwa na nyuzi 20 akilini. Chumba chako mwezi Machi kina 37. Mafuta ya utando hulegea kadiri joto linavyopanda, basi tangaza ulegevu huo kuwa ugunduzi. Usithubutu kutaja kwamba ngamia mwenye kiu hubadilika joto la mwili kutoka nyuzi 34 alfajiri hadi 41 alasiri, na utando wake unavumilia yote hayo.

Umebaki mtihani wa sabuni. Protini za utando haziyeyuki majini, hivyo hutolewa kwa sabuni ya maabara, na sabuni hiyohiyo huyakokota mafuta uliyokuja kuyachunguza. Waangalifu hujaribu aina kadhaa za sabuni, kidogokidogo, wakipima kila mara ni mafuta gani yameng'ang'ania protini. Wewe mimina tu. Protini zikitoka uchi, na msimamizi akiuliza zilikuwa zimezungukwa na mafuta gani, jibu: ya kawaida. Halafu umalizie tasnifu kwa kuandika kwamba utafiti zaidi unahitajika, ikiwezekana Ulaya.