Sifa za Ushuzi wa Kariobangi

Viungo vya mwili na kazi zake havikosi wa kuvisifu: moyo una washairi wake, ubongo una maprofesa, na hata ini, linalofanya kazi gizani, limepata nafasi katika maneno ya mahaba ya watu wa pwani. Ushuzi, yaani hewa inayokusanyika matumboni na kutoka kwa njia ya nyuma, umebaki bila wakili. Umelaumiwa kwa kuvunja heshima mbele ya wakwe, kwa kuharibu mikutano ya harambee na kwa kuwagombanisha abiria waliobanana ndani ya matatu, ilhali katika makosa yote hayo haujawahi kupewa nafasi ya kujitetea, kwa kuwa kila aliyekuwa mwenyeji wake huukana kabla haujapoa. Mahali panapofaa kuusikilizia kesi yake ni Kariobangi, mashariki mwa Nairobi, kwa sababu mtaa huo unakula githeri kwa wingi, na kwa sababu una kiwanda cha kusafisha majitaka kilichojengwa miaka ya 1960, hivyo wakazi wake wana ujuzi wa kutosha wa kupambanua harufu nzito na nyepesi. Inafaa kuongezwa kwamba Mei 2020, katikati ya janga la korona, maelfu ya watu waliokuwa wakiishi karibu na kiwanda hicho waliondolewa na matingatinga, wala si na harufu, waliyokuwa wameivumilia kwa miaka mingi.

Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalainika, chakula ambacho Wakamba hukiita isyo, Waluo nyoyo, na Watanzania makande. Jikoni mwa Kariobangi chakula hicho kina faida ya kiuchumi inayotangulia ile ya kiafya, kwa kuwa mpangaji wa chumba kimoja asiyetaka kumaliza mafuta ya taa au makaa yake kwa saa tatu hununua githeri iliyokwisha kuchemshwa, ikiwa imepimwa kwa mkebe na mama mwenye sufuria kubwa kando ya barabara, kisha akaenda kuikaanga kwa kitunguu na nyanya. Maharagwe yenyewe yana majina yanayojulikana na kila mwenye duka la nafaka: Rosecoco, Mwitemania, Wairimu. Wataalamu wa lishe wanausifu muungano huo kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini, na maharagwe yana laisini kwa wingi; nayo methionini, ambayo maharagwe yamepungukiwa, hupatikana katika mahindi. Kwa hiyo mlaji wa githeri hupata protini iliyokaribia kukamilika bila kupita buchani, na anachotozwa juu ya bei ya mkebe ni ushuzi.

Asili ya tozo hiyo ni upungufu wa binadamu mwenyewe. Maharagwe yana sukari za minyororo mifupi ziitwazo rafinosi na stakiosi, na ili minyororo hiyo ikatwe panahitajika kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, ambacho utumbo mwembamba wa binadamu hauna. Sukari hizo, pamoja na nyuzinyuzi, yaani sehemu za mimea ambazo mwili hauwezi kuzimeng'enya, hupita salama hadi utumbo mpana, ambako bakteria kwa matrilioni wanazisubiri kwa hamu. Bakteria hao wana vimeng'enya ambavyo mwenyeji wao amenyimwa, nao huzichachusha sukari hizo kwa namna inayofanana na uchachushaji wa pombe ya busaa, na katika kuchachusha huko hutoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Mtu mzima mwenye afya hutoa kwa siku kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya hewa, kwa awamu ambazo mara nyingi huwa kati ya 10 na 20, na hesabu hiyo inawahusu pia wachungaji, mahakimu na mabibi harusi.

Lakini hewa ni moshi tu wa kiwanda, na hapa ndipo utetezi unapopata nguvu. Bidhaa yenyewe ni asidi za mafuta za minyororo mifupi, ambazo ni asetati, propionati na butireti. Hiyo ya mwisho ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoufunika utumbo mpana kwa ndani, na inakadiriwa kuzipatia seli hizo sehemu kubwa ya nishati yake, takriban asilimia 70. Ni jambo la ajabu kwamba ukuta wa utumbo, ulio ndani ya mwili wa mtu na unaomwagiliwa damu yake, unategemea kulishwa na bakteria wasio jamaa zake, nao bakteria wakategemea maharagwe. Mtu akila mkate mweupe, chipsi na soda kwa wiki nzima, bakteria hao hukosa riziki na baadhi yao huanza kuula ute unaoukinga ukuta wa utumbo. Mtu huyo huenda akawa na tumbo la kimya na la adabu, la kukaa naye kanisani bila wasiwasi, lakini kimya hicho kinafanana na kimya cha karakana za Light Industries za hapo Kariobangi umeme unapokatika.

Kuhusu harufu, ambayo ndiyo shtaka kuu, mashahidi wamechanganya washtakiwa. Zaidi ya asilimia 99 ya ushuzi ni hewa zisizo na harufu yoyote. Kinachonuka ni viwango vidogo mno vya misombo ya salfa, hasa haidrojeni salfaidi, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni. Salfa hiyo hutoka kwa wingi zaidi katika mayai, nyama, kabichi na vitunguu. Kwa hiyo kijana anayesimama jioni kwenye mzunguko wa Kariobangi akala mayai boilo mawili na smoki iliyopasuliwa na kutiwa kachumbari, kisha akalaumu githeri ya mchana kwa yaliyotokea usiku, anaisingizia. Maharagwe huzaa hewa nyingi yenye sauti. Mayai huzaa hewa chache yenye jina baya. Sheria za majirani wa ploti za vyumba kumi na viwili, ambako kuta ni nyembamba na masikio ni mengi, zimekuwa zikiadhibu sauti na kuisamehe harufu, kinyume kabisa cha haki.

Daktari aliyewahi kuupa utumbo wa Mwafrika heshima yake ya kitaalamu alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni na ambaye alifanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, kwa muda mrefu akiwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya watoto yenye jina lake, lakini baadaye aliingiwa na shauku ya jambo ambalo wasomi waliliona halifai kutajwa mezani, yaani uzito wa kinyesi na muda unaochukua kupita tumboni. Akifuata mawazo yaliyokuwa yakikuzwa pia na Hugh Trowell, daktari aliyefika Kenya 1929 kabla ya kuhamia Uganda, Burkitt alijiuliza kwa nini Mulago ilikuwa ikipokea wagonjwa wachache sana wa bawasiri, wa uvimbe wa kidole tumbo na wa saratani ya utumbo mpana, wakati maradhi hayo yalikuwa yakijaza wodi za Uingereza. Katika vipimo alivyovichapisha 1972 pamoja na wenzake wawili, wanakijiji wa Uganda walitoa kinyesi cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, ilhali Waingereza waliopimwa walitoa kama gramu 100 na kwa muda ulio mrefu zaidi ya maradufu. Jibu lake lilikuwa nyuzinyuzi, na alilihubiri kwa bidii ya mmisionari, akipita kwenye kumbi za madaktari na picha za slaidi za vinyesi alivyovikuta vichakani.

Si kila alilolidai limesimama. Alikuwa mtu wa kuona jambo moja na kulifanya kuwa kila kitu. Hata hivyo kiini cha hoja yake kimedumu. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo Wamarekani weusi na wakazi wa vijijini wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili, wale wakapewa vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na hawa wakapewa nyama na mafuta ya Kimarekani. Katika muda huo mfupi butireti iliongezeka kwa waliokula vya kijijini, na dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo, ambazo huhusishwa na hatari ya saratani, zikapungua. Kwa kundi la pili mambo yakaenda kinyume. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Katika maduka ya dawa ya Westlands, mtaa wa wenye nacho jijini Nairobi, nyuzinyuzi huuzwa zikiwa unga ndani ya makopo, kwa bei ambayo ingeilisha nyumba ya Kariobangi githeri kwa siku kadhaa, na mnunuzi, baada ya kulipa gharama hiyo yote, hupata ushuzi uleule.

Heshima ya kitaifa imewahi kuikaribia githeri. Siku ya uchaguzi, 8 Agosti 2017, mwanamume mmoja alipigwa picha katika foleni ya kupigia kura huko Kayole, mtaa ulio jirani, akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ametunukiwa nishani na Rais Uhuru Kenyatta. Matokeo ya githeri hiyo kwa waliosimama nyuma yake hayakutunukiwa chochote.

Wapinzani wana hoja moja inayostahili kujibiwa kwa upole, kwa sababu inatoka kwa watu wenye maumivu ya kweli. Wengi wa Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, husema maharagwe huwaletea "acid", na kwamba githeri ya shule za bweni ndiyo iliyowapa vidonda vya tumbo. Vidonda hivyo kwa sehemu kubwa husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapatia Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel 2005, au na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu ambazo hununuliwa dukani bila cheti. Maharagwe yanaweza kulijaza na kulivimbisha tumbo linalouma tayari, na hapo mwenye tumbo ana haki ya kuyaepuka mpaka apimwe. Kadhalika, ushuzi unaoandamana na damu au na kukonda kusikoeleweka si wa kusifiwa bali wa kupelekwa kwa daktari. Kwa wengine wote kuna maarifa ya bibi: kuyaloweka maharagwe usiku kucha na kuyamwaga maji yake, hali inayopunguza sukari zile za minyororo na kuokoa makaa. Magadi nayo hulainisha haraka, ila huharibu vitamini B1. Na anayeanza kula maharagwe baada ya kuyasusa kwa muda mrefu huona kwamba baada ya wiki chache tumbo hutulia, kwa kuwa bakteria wake wamejipanga upya.

Watawala nao wamejaribu kuingilia. Mwanahistoria Suetonius anaeleza kwamba Kaisari Klaudio wa Roma alifikiria kutoa amri ya kuuruhusu ushuzi mezani, aliposikia kwamba mtu mmoja alikaribia kufa kwa kuuzuia kwa haya. Malawi ilielekea upande mwingine 2011, pale waziri mmoja alipotangaza kwamba mswada wa mahakama ungefanya kujamba hadharani kuwa kosa, kisha akalazimika kurudi nyuma. Nchini Kenya, Agosti 2019, kikao cha bunge la kaunti ya Homa Bay kilisimamishwa kwa muda baada ya mwakilishi wadi mmoja kulalamika kwamba mwenzake ameichafua hewa. Spika aliagiza marashi ya kupulizia ukumbi, na mshukiwa akakana. Ikumbukwe kwamba anayeuzuia ushuzi kwa ajili ya heshima hafanikiwi kikamilifu, kwani sehemu ya hewa hiyo hupenya katika damu, ikafika mapafuni na kutolewa kwa pumzi, hivyo mheshimiwa aliyejibana huenda akamaliza hotuba yake akiwa anautoa kwa mdomo.

Ipo sehemu moja ambapo ushuzi huulizwa habari zake kwa jina na kwa hamu, nayo ni wodi ya upasuaji. Mtu aliyepasuliwa tumbo, au mama aliyejifungua kwa upasuaji, matumbo yake hulala kwa muda, na dalili mojawapo kwamba yameamka ni kupita kwa hewa. Muuguzi hufika asubuhi akauliza kama mgonjwa ametoa gesi, na ndugu waliokuja kutoka Kariobangi na chupa ya uji hukaa kimya wakimtazama yule mgonjwa, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake anaombwa akiri. Akikiri, wote hufurahi, muuguzi huandika kwenye faili, na mgonjwa huruhusiwa uji mwepesi. Githeri itamlazimu aingoje siku chache zaidi.